Kulala hemani na ukoo mzima kando ya Ziwa Victoria

Safari ya namna hii huzaliwa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Mmoja anaandika, "Jamani, likizo ya Juni tusikae ndani, twende ziwani tukalale kwenye mahema." Mjomba anaahidi mbuzi, shangazi wa Dar anasema ameshaomba ruhusa kazini, na hakuna hata mmoja anayeuliza choo kitakuwa wapi. Kama wewe ndiye uliyeachiwa mzigo wa kupanga, hizi hapa hatua za kufuata.

Kundi ninaloliwazia ni la watu kama 18: babu na bibi, mashangazi, wajomba, mashemeji, na watoto kuanzia anayenyonya hadi wa darasa la tatu. Mnalala usiku mbili, mahali panapofikika kwa kosta kutoka Mwanza mjini. Kanuni ninayoisimamia ni moja: kila uamuzi upimwe kwa bibi na kwa mtoto mdogo kuliko wote. Pakiwafaa hao wawili, vijana wa katikati watajibeba.

Hatua ya 1: Tarehe. Angalia mvua, kisha angalia mwezi

Vuli ni Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei. Kiangazi cha Juni hadi Septemba ndicho cha mahema. Januari na Februari mvua hupungua, lakini mwenye mtoto mchanga asiutegemee upenyo huo. Ziwa hili hujitengenezea mvua yake lenyewe: usiku upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda majini, pepo za pande zote hukutana juu ya maji na kuinua mawingu ya radi. Jioni unaweza kulala anga ikiwa nyeupe, alfajiri ukaamshwa na ngurumo. Kwa hiyo hata Julai beba turubai la kufunga juu ya mahema. Beba na mablanketi, maana usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 16 hivi, na upepo wa ziwani unapenya khanga.

Baada ya mvua, mwezi. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza kwa sababu ni taa zao zinazowavuta dagaa. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazina nguvu na wengi hupumzika. Ukienda wiki ya giza, watoto wataona taa nyingi zimejipanga majini hadi mbali, na alfajiri mtanunua dagaa wabichi mwaloni, wavuvi wanaposhusha samaki. Ila njia ya chooni itakuwa giza totoro. Ukienda mwezi ukiwa mpevu, dagaa utawakosa lakini una mwanga wa bure usiku kucha. Kwa ukoo ambao haujawahi kulala nje nachagua mwezi mpevu bila kusita.

Waambie na wageni wa Dar kwamba huku jua linazama karibu nusu saa baada ya kwao, mnamo saa moja kasoro jioni. Wasijisahau kwa hilo. Likishazama, giza halichelewi, na hema linalosimamishwa kwa tochi huku watoto wanalia ni mwanzo wa ugomvi wa wakubwa. Saa kumi alasiri mahema yote yawe yamesimama.

Hatua ya 2: Mahali

Kwa mara ya kwanza tafuta ufukwe wenye nyumba ya wageni au mgahawa unaoruhusu mahema kwenye uwanja wake. Upande wa Ilemela ufukwe unaendelea hadi Igombe na Kayenze. Upande wa Nyamagana kuna Luchelele na Malimbe. Unalipia uwanja, lakini unapata choo, maji ya bomba, mlinzi, na chumba kimoja cha akiba ambacho bibi akichoka na hema anahamia bila maneno mengi. Lipia chumba hicho hata kama bibi ameapa hatakitumia.

Chaguo la pili, ambalo wengi tunalo na tunalisahau, ni shamba la ndugu karibu na ziwa, pengine Magu au Sengerema. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, Sengerema hakuna tena kusubiri kivuko mtoto akiungua jua ndani ya gari. Ukienda kijijini, pitia kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya kufungua mizigo, na kama kuna mwalo jirani, wasalimie viongozi wa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia mwalo na uvuvi. Mtangulize babu. Mzee akisema "mwangaluka" asubuhi au "mwadila" mchana, akaeleza yeye ni wa nani na hawa ni wajukuu zake, mmeshapata walinzi kijiji kizima.

Hifadhi za taifa ziacheni kwa matembezi ya mchana. Kisiwa cha Saanane kinatosha: boti inatoka Capri Point, safari ni ya dakika chache, na watoto wanaona swala na pimbi bila kuchoka. Rubondo ni pazuri mno, ila barabara na boti ni ndefu kwa mtoto wa pampasi. Subirini wakue.

Popote mtakapochagua, nenda ukapaone mwenyewe wiki moja kabla, mchana, na ukague haya:

Choo kwanza. Ingia ndani. Bibi ataweza kuchuchumaa na kuinuka? Kama ni cha shimo, tundu linamtosha mtoto wa miaka mitatu kutumbukia? Kama jibu ni baya na mahali ni pazuri, nunua poti ya mtoto na kiti cha plastiki utakachokikata tundu katikati kwa ajili ya wazee. Fundi seremala yeyote atakifanya, na heshima ya mtu mzima itasalimika.

Umbali na maji pili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hema si la kudumu, lakini chukua mita hizo hizo 60 kama kipimo chako. Zinakupa nafasi, ila hazikukingi kabisa na kiboko, ambaye usiku hutoka majini kwenda malishoni na hupita njia zake zile zile. Njia ya kiboko utaijua: ni mifereji miwili sambamba yenye tuta la majani katikati, nyasi za pembeni zimekatwa fupi sana, na kwenye vichaka kuna kinyesi kilichotapanywa. Ukiiona, usisogee hatua kumi ukadhani umeikwepa. Hama eneo.

Kuhusu mamba usimuulize mwenye ufukwe peke yake, yeye anauza. Muulize mvuvi anayeshona nyavu, kisha mama anayefua, kisha watoto wa pale. Majibu matatu yakitofautiana, shika lile baya zaidi. Na kwenye matete usipige kambi kabisa.

Miamba nayo ina mambo yake. Mwanza inaitwa Jiji la Miamba na watoto wataipanda tu. Chagua kiwanja ambacho mawe yake ya karibu yanamfikia mtu mzima kiunoni, si juu zaidi. Usiweke hema chini ya jiwe lililobebwa na jiwe jingine, wala kwenye nyufa ambako nyoka hujificha, wala chini ya mti uliosimama peke yake, kwa sababu ya radi.

Hatua ya 3: Amueni mapema nani ataingia majini

Hapa ndipo ukoo hugawanyika, kwa hiyo lisemeni kabla ya kufika. Ziwa Victoria lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wanaoishi maji ya kina kifupi, hasa penye majani, na hupenya ngozi ya mtu ndani ya dakika chache akiwa amesimama tu majini. Havihitaji umeze maji. Hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, kuanzia kama saa nne asubuhi hadi alasiri, yaani saa zile zile watoto wanapotaka kuogelea. Kujifuta haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea.

Msimamo wangu: mtoto wa chini ya miaka mitano haingii ziwani, hata miguu. Badala yake nunua beseni kubwa la kufulia, au mawili, yajaze maji ya bomba, yaweke kivulini karibu na mahema. Watoto watachezea humo siku nzima wakiwa na vikombe na chupa tupu, na hawatajua kuwa wamenyimwa kitu. Kama hakuna bomba, chota maji ya ziwa, yachuje kwa kitambaa kizito, uyafunike na kuyaacha siku mbili. Vijidudu vile havina uhai mrefu nje ya konokono. Maana yake ni kwamba mtu mmoja atangulie kuja kuyachota, au mtumie kisima.

Wakubwa wanaotaka kuogelea waende mbali na matete, na wajue kwamba hata hapo hakuna uhakika. Kuna mjomba atakayesema, "Sisi tumekulia Ukerewe, tulioga humu na hatukufa." Ni kweli hakufa. Usibishane naye mbele ya watoto. Mwambie tu, "Sawa mjomba, ila wa kwangu hawaingii," kisha endelea kujaza beseni.

Mkipanda mtumbwi au boti, kila mtoto awe na laifu jaketi la saizi yake. La mtu mzima humchomoka mtoto. Mvuvi akisema hana la mtoto, safari imeisha hapo hapo ufukweni. Kanda iliyozika watu wa MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 haihitaji kuhubiriwa zaidi.

Hatua ya 4: Filimbi

Ukitaka kufuata hatua moja tu, fuata hii.

Wingi wa ndugu unadanganya. Watu wazima kumi wakiwa ufukweni, mama anaamini shangazi anamwangalia mtoto, shangazi anaamini yuko na babu, babu anaamini yuko na mama yake. Na mtoto anayezama hapigi kelele kama tunavyofikiri. Mdomo uko majini, mikono inasukuma maji chini, anashuka kimya hatua chache kutoka kwa watu wanaochoma nyama.

Nunua filimbi moja yenye kamba ya shingoni. Aliyeivaa ndiye mlinzi wa watoto, na wakati huo hana kazi nyingine. Hashiki simu, hapiki, hachezi bao, habishani Simba na Yanga. Zamu iwe nusu saa, kwa sababu baada ya hapo macho yanatazama bila kuona. Makabidhiano yafanywe kwa sauti. Anayetoka anasema, "Nakukabidhi wanne," anayepokea anawahesabu kwa majina akiwaona kwa macho, ndipo filimbi inahama shingo. Kama mmoja hayupo, filimbi haihami na kila mtu anasimama kumtafuta, kuanzia majini kwanza, hemani baadaye.

Mlinzi mmoja anawatosha watoto wanne wakubwa kidogo. Wa chini ya miaka mitatu kila mmoja awe na mtu wake anayeweza kumfikia kwa mkono. Funga kamba ya manila kati ya miti miwili upande wa ziwani, itundike vipande vya khanga ya rangi kali, na waambie watoto siku ya kwanza kwamba hakuna kuvuka bila mtu mzima kuwashika mkono. Mtoto wa miaka minne anaielewa kamba anayoiona kuliko onyo analolisikia.

Nani asivae filimbi? Watoto wa miaka kumi au kumi na mbili, hata wakijiona wakubwa. Aliyekunywa bia, hata moja. Dada wa kazi asigeuzwe mlinzi wa watoto wa ukoo wote huku wenye watoto wamekaa kivulini. Amekuja na yeye apumzike, na hata angekuwa kazini, watoto saba si kazi ya mtu mmoja siku nzima. Bibi naye asiivae. Atasema anaweza, na amelea watu wengi kuliko sisi sote, lakini magoti hayatakimbia mchangani. Lisemwe kwa adabu na mtu anayempenda: "Bibi, tunakuomba wewe ukae na huyu mchanga, wengine wote hatuaminiki."

Hatua ya 5: Kulala

Panga mahema kwa nusu duara, milango ikitazamana na hakuna mlango unaotazama ziwa. Yenye watoto yawe katikati, ya vijana pembezoni. Bibi na babu wapewe hema la kuingia wakiwa wamesimama, na kitanda cha kukunja au magodoro mawili yaliyopandana, maana kuinuka kutoka chini alfajiri ni mateso kwao.

Kanda ya Ziwa ina malaria nyingi, na mbu wake huuma usiku. Wavu wa hema ni mzuri mpaka mtoto wa kwanza afungue zipu na kuiacha wazi, yaani dakika tano. Kama hema linaruhusu, tundika ndani chandarua chenye dawa. Saa kumi na mbili jioni watoto wote wavae mikono mirefu, suruali na soksi. Dawa ya kupaka isipakwe viganjani mwa watoto, wanavitia mdomoni.

Taa kubwa nyeupe iwekwe mbali, hatua ishirini au zaidi kutoka mezani na mahemani. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kwa makundi, ukiwaona kwa mbali utadhani kuna mahali panaungua, hawaumi, ila wakiifuata taa yako watajaa kwenye ugali na puani mwa mtoto.

Usiku hakuna anayetoka peke yake. Weka ndoo yenye mfuniko katika kila hema kwa haja ndogo. Mtu akilazimika kwenda chooni, waende wawili na tochi, wamulike mbele kwanza wasikilize.

Na jiko la mkaa lisiingie hemani kamwe, hata limebaki makaa mawili. Baridi ikizidi kuna atakayelipendekeza, pengine kwa kumhurumia bibi. Hewa ya mkaa haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Chemsha maji, yajaze kwenye chupa za plastiki ngumu, zifungwe kwenye khanga na kuwekwa miguuni.

Hatua ya 6: Chakula na maji

Maji ya kunywa na kupikia, hesabu lita 5 kwa mtu kwa siku. Watu 18 kwa siku mbili ni lita 180, yaani madumu tisa ya lita 20. Ya kuoshea vyombo na kunawa ni mengine. Hayo mnaweza kuchota mahali, mkayachemsha au kuyatia vidonge vya klorini. Karibu na choo funga kibuyu chirizi, kile kidumu kinachomwaga maji ukikanyaga kijiti chake, na sabuni iliyotobolewa ikaning'inizwa kwa kamba. Watoto watanawa kwa kupenda kukikanyaga tu.

Menyu iwe fupi. Chai ya maziwa na viazi vitamu asubuhi, wali au ugali mchana, mchuzi jioni. Mahali pa biskuti beba michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga za kukaanga. Haviyeyuki, haviharibiki, na babu atapata la kuwasimulia wajukuu wa mjini wasiovijua. Karanga nzima usimpe wa chini ya miaka mitano, anaweza kupaliwa. Sato mtamnunua mwaloni asubuhi, ila mnofu wa mtoto uchambuliwe kwa vidole na mtu mzima, kwenye mwanga. Jioni wape nyama au maharage. Uji wa mchanga ukae kwenye chupa ya chai yake peke yake, na kinachobaki kimwagwe.

Mbuzi wa mjomba achinjwe nyumbani siku moja kabla, aje vipande kwenye boksi la barafu. Damu na matumbo kambini huita mbwa, inzi na wakubwa zaidi ya hao.

Kupika kugawanywe kwa siku, na siku moja wapike wanaume watupu. La sivyo wake wa ukoo watarudi wamechoka kuliko walivyokuja, na mwakani hawaji. Michango ikusanywe yote kabla ya safari, na mtu mmoja ashike hela.

Hatua ya 7: Kuwashughulisha watoto

Hapa msihangaike. Mchanga, beseni na binamu vinatosha. Asubuhi mapema wapelekeni kwenye mawe wakawatafute mijusi dume wenye kichwa na kifua cha pinki na mwili wa buluu. Huota jua bila haraka. Mvua ikiwaharibia siku, makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, hayako mbali na mjini. Usiku ni wa babu: paukwa, pakawa.

Hatua ya 8: Mkoba wa dawa na gari

Beba ORS na zinki, parasetamoli ya watoto iliyopimwa kwa uzito wa kila mmoja, kipimajoto, plasta, bandeji, na dawa za presha au sukari za wazee zikiwa na siku tatu za ziada. Andika kwenye karatasi majina ya watoto, uzito na mzio wao.

Gari moja lilale kambini limeelekezwa njiani, na dereva wake asiguse kilevi. Jueni zahanati iliyo karibu na inafunguliwa saa ngapi. Mjini kuna hospitali za Sekou Toure na Bugando. Namba 112 ni ya dharura, 114 ni ya zimamoto na uokoaji. Mtu akiumwa na nyoka usichanje wala kunyonya. Mlaze, aliyeumwa asitembee, abebwe moja kwa moja hospitali. Mtoto akipata homa kambini msisubiri kuona asubuhi itakuwaje, na akiipata ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, apimwe malaria siku hiyo hiyo, mwambie daktari mlilala ziwani.

Mkifika nyumbani, mahema yakaushwe juani kabla ya kukunjwa, la sivyo yataota ukungu. Kisha fungua kalenda ya simu, hesabu wiki nane, na uweke tarehe ya kupima kichocho kwa kila aliyegusa maji ya ziwa, mjomba wa Ukerewe akiwamo. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa kupima uzito, kwa hiyo msigawane vidonge nyumbani.